Bwawa Nililolitibu

Juzi mwanangu wa mwisho alitapika sebuleni. Nikachukua chupa ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, nikafungua kifuniko, na kabla sijamimina hata tone nikajikuta nimekaa sakafuni, kitambaa mkononi, mtoto ananikodolea macho na mume wangu anauliza kama nimeteleza. Watu wengi wakinusa javeli huona usafi: shuka nyeupe, chumba cha wageni, mama mkwe yuko njiani. Mimi huona bwawa lililokufa. Nililiua mwenyewe nikiwa na miaka minane, labda tisa, na nililiua kwa mapenzi matupu. Sina hakika kama tangu siku ile nimewahi kufanya jambo jingine kwa moyo safi namna ile.

Ninyi mliokua wakati ule mtakumbuka jinsi vita vilivyomgandisha kila mtu pale vilipomkuta. Sisi vilitukuta juu kidogo ya Kanyosha, pale mji unapoishia na mihogo inapoanza, kwenye nyumba arobaini na kitu za matofali zilizojengwa na watu wa mradi. Kila nyumba ilikuwa na mfereji wake. Maji ya jikoni, ya bafu na ya choo yaliteremka kwa bomba hadi kwenye mabwawa matatu, yaliyochimbwa pale ambapo zamani watu walikuwa wakitoa udongo wa matofali. Mambo yalipoharibika watu wa mradi walipanda ndege wakaenda zao. Mama, aliyekuwa akifagia ofisi yao na kumfuata fundi wao huku na huku kwa udadisi, alibaki na ufunguo wa stoo, reki ndefu, na sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba. Hakuna aliyemwambia aendelee na kazi. Aliendelea tu, kwa sababu mama alikuwa mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, mwenye ubishi wa Buyenzi, na kitu alichokwisha kukishika hakukiachia. Baba alikuwa dereva wa lori, na miaka ile ya embargo, nchi ilipofungiwa biashara, alikaa Uvira, ng'ambo ya mpaka, zaidi ya alivyokaa nyumbani.

Ngoja niyaeleze mabwawa yale vizuri, kwa sababu sijaona kitu cha ajabu zaidi tangu hapo, na nimeshapanda ndege na nimeshaona theluji. Mama aliyaita kwa majina aliyoyasikia kwa fundi: Premier, Deuxième na Troisième, yaani wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa Kifaransa. Premier alikuwa mweusi, mwenye kina, na juu yake paliganda ukoko uliopasuka hapa na pale ukatoa povu. Deuxième alikuwa mpana, wa kijani cha sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Troisième alijaa matete na mafunjo, na ndani yake mliishi vyura ambao jioni walikuwa wakipiga kelele hadi tunazima redio. Mwishoni mwa Troisième palikuwa na bomba, na kwenye bomba lile yalitoka maji membamba, masafi, yasiyo na harufu, ambayo vipepeo walikuja kunywa pembeni yake. Nilikuwa nikisimama pale na kidole changu ndani ya maji nikitafakari jambo moja tu: kwamba mavi yetu sote, pamoja na ya familia ya mwalimu mkuu, yameingia kule juu, na huku chini yametoka hivi. Hakuna mtu aliyenieleza muujiza wowote msikitini ulioushinda ule.

"Premier anakula," mama alikuwa akisema, reki mkononi. "Deuxième anapumua, jua linamusaidia. Troisième anachuja. Ni kazi ya batu tatu, na mukubwa wao ni mi."

Alizungumza nao kila asubuhi. Aliwasalimia, aliwagombeza, aliwauliza wamelalaje. Kisha aliiteremsha ile sahani nyeupe kwenye maji ya Deuxième, akainama kuangalia inavyozama mpaka inapotea, akaivuta na kwenda zake. Siku hizi najua kwamba alikuwa akipima kijani cha maji kimekolea kiasi gani. Wakati ule niliamini anamwonyesha Deuxième kwamba sahani ni tupu, ili asidai chakula zaidi. Na mimi mwenyewe nilimwona Deuxième kama ng'ombe wetu. Nilimhurumia kwa kupewa sahani tupu kila siku.

Chini ya mabwawa, ng'ambo ya shamba la viazi, ilikuwapo kambi ya watu waliokimbia milima. Waliishi chini ya maturubai ya bluu, yale tuliyoyaita shitingi. Maji ya bomba letu yaliingia kwenye kijito, na kijito kilipita katikati ya kambi. Walifulia pale na kuogea pale, na siku ambazo lori la maji halikufika walipikia pale pale. Rafiki yangu Spès aliishi shitingi ya tatu kutoka kijitoni. Alijua kupiga mluzi kwa pua, jambo ambalo nililifanyia mazoezi mwaka mzima bila mafanikio.

Kisha kolera, yaani kipindupindu, ikaingia kambini.

Alikuja mama wa afya, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe na viatu vya mpira, akawakusanya watu. Alichota maji ya kijito kwenye pipa, akatia kijiko cha unga mweupe uliowasha pua, akakoroga, akatuambia tusubiri. "Maji iko mugonjwa," alisema. "Unamupatia dawa, anapona. Kijiko moja kwa pipa moja, apana kuzidisha." Baada ya kusubiri alichota kikombe, akanywa mbele yetu sote, na watu wakashusha pumzi. Mimi niliduwaa. Ndoo nzima ya unga ule, yenye kifuniko cha bluu, aliiacha kwenye stoo ya mama kwa sababu ndiyo stoo pekee iliyokuwa na kufuli.

Jioni ile mama alipita nyumba kwa nyumba kuwakanya wanawake. "Ii dawa isiguse mifereji. Na javeli yenu pia. Mutu akitaka kusafisha choo atumie majivu na ufagio. Tumesikilizana?" Walimwitikia. Nami nilimfuata nyuma nikiwa nimeelewa kila kitu: mama anabana dawa kwa ajili ya watu wa kambini. Niliona ni vizuri, ingawa kidogo ni uchoyo.

Siku chache baadaye walimbeba Spès. Walimpitisha njia ya juu, karibu na mabwawa yetu, kwenye machela ya miti, na mama yake akikimbia pembeni na kanga moja tu. Spès hakunitazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu, na nguo iliyomfunika ilikuwa imelowa. Nilimsikia mtu mmoja akisema ametapika tangu alfajiri mpaka hakuna kitu kimebaki cha kutapika. Mama alitupa reki na kwenda nao kuwasaidia.

Nikabaki peke yangu na mabwawa. Na mchana ule ule Premier akaanza kutapika.

Leo ukiniuliza nitakuambia kwamba joto lilipozidi, tope la chini lilivimba kwa hewa na kupanda juu, jambo la kawaida kabisa ambalo mama angelimaliza kwa reki na matusi mawili. Lakini mimi sikuwahi kuliona. Niliona mabonge meusi yakichomoka kutoka chini, yakipinduka, yakipasuka, na povu la kahawia likifurika mpaka kwenye ukingo. Harufu ilinipiga usoni. Nilijua ninachokiona, maana nilikuwa nimetoka kukiona kwenye machela. Nikaanza kulia. Nikasema, Premier amepata kolera, na mama hayupo, na dawa ipo.

Ufunguo ulikuwa chini ya jiwe la kufulia. Sikuweza kuinua ndoo, kwa hiyo nilichota unga kwa bakuli la uji, nikaenda na kurudi, na kurudi tena. Macho yaliwaka moto, nilikohoa, ngozi ya vidole ilikunjamana. Nilikumbuka kwamba ni kijiko kimoja kwa pipa moja, lakini Premier alikuwa mapipa mangapi? Sikujua kuhesabu hadi kule. Nikaamua nisimpunje. Nusu ya ndoo ilipokwisha nikamwonea wasiwasi Deuxième, asije akaambukizwa na jirani yake, basi nusu iliyobaki nikampa yeye. Niliosha bakuli, nikafunika ndoo tupu kwa kifuniko chake cha bluu, nikarudisha ufunguo, nikamwambia Mungu kwamba kama anaweza, amponye na Spès kwa dawa hiyo hiyo. Mama alirudi jioni amechoka vibaya, akaoga, akalala bila kula.

Alfajiri nilitangulia kwenda kuwaona wagonjwa wangu. Premier alikuwa ametulia kimya. Na Deuxième, jamani. Deuxième alikuwa amepona kupita kiasi. Kijani chote kilikuwa kimeondoka na maji yalikuwa yameng'aa, masafi kuliko ya bomba la mtaani, na kwa mara ya kwanza niliona chini. Niliona ndala ya mtoto. Niliona kijiko, mkebe wa maziwa, na kivuli changu mwenyewe kimelala juu ya udongo. Jua lilichomoza likapita moja kwa moja mpaka sakafuni mwake. Nilijiona walii. Nikakimbia kumwamsha mama, nikamvuta kwa kanga yake, "Njoo uone, njoo uone Deuxième!"

Mama alifika ukingoni. Akatazama. Akavuta pumzi kwa pua, mara moja. Halafu akakaa chini kwenye umande na kanga yake safi, akafunika uso kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona mama akilia kabla ya hapo, hata siku baba aliposimamishwa njiani na tukakaa siku nne bila habari zake.

"Amekufa," alisema. "Bote wamekufa. Nani amefanya ivi? Nani?"

Sikumwambia ni mimi. Niseme ukweli, haikuwa hofu ya kipigo. Ni kwamba sikuelewa. Nilikuwa nimeona kitu kikipona kwa macho yangu, na mama ananiambia ni maiti. Nilipoanza kuelewa, muda wa kusema ulikuwa umepita.

Kwa sababu mama hakukaa muda mrefu pale chini. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa Mama Chantal, jirani yetu wa pili, mwanamke aliyependa usafi mpaka akaosha na mkaa. Alimpigia kelele mlangoni kwake mbele ya watu wote. Mama Chantal aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba hajamimina hata tone. Mama alimwambia asimtaje Mungu bure. Mama Chantal akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na nilisikia akilia kama mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na vidole vyangu vilivyobabuka nimevificha kwapani.

Halafu mama aliwaeleza wanawake, na hapo ndipo nilipoelewa sawasawa. Mabwawa yale yalifanya kazi kwa sababu yalikuwa hai. Ndani yake mliishi vitu vidogo visivyoonekana, vya kula uchafu, na sasa vimekufa vyote. Kuanzia leo uchafu utakaoingia juu utatoka chini kama ulivyoingia, na chini kuna kijito, na kijitoni kuna watu ambao kolera imeshawashika koo. "Tutawaua," alisema mama. "Sisi na vyoo vyetu."

Akaziba bomba la Troisième kwa mbao na udongo, ili tone lisiende kambini. Lakini maji yaliendelea kuingia kutoka majumbani, na kwa kuwa chini palikuwa pamezibwa yakaanza kupanda. Kutoka usawa wa maji mpaka juu ya ukingo palikuwa na viganja sita tu. Mama alipiga marufuku mifereji. Maji ya kuoga yakamwagwa kwenye migomba, ya vyombo kwenye matuta ya mboga za lengalenga, na wanaume wakachimba mashimo ya choo nyuma ya nyumba, wakinung'unika. Hata hivyo maji yalipanda, maana watu arobaini huwezi kuwachunga wote, sembuse nyumba arobaini. Yakifika juu, ukingo utapasuka, na yote yatashuka kambini kwa mkupuo mmoja.

"Kwani ayawezi kuzaliwa tena?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Yenyewe? Miezi. Inatakiwa mbegu. Wewe bila donge la jana unaumua mandazi?"

Walielewa mara moja. Hamira ilikuwa haipatikani miaka ile, na kila nyumba ilikuwa ikiweka donge la unga wa jana ili kuumulia unga wa leo. Aliyepoteza donge alituma mtoto kuomba kwa jirani, na hakuna jirani aliyenyima donge hata kama hamsemezani. Shida ni kwamba kwa mabwawa jirani alikuwa mmoja tu. Ng'ambo ya korongo, upande wa Kinanira, palikuwa na shule ya bweni yenye mabwawa kama yetu, na mlinzi wake alikuwa Papa Gervais, ambaye alijifunza kazi kwa fundi yule yule. Kutoka kwetu uliweza kuliona bwawa lake la kijani. Kabla ya vita yeye na mama walikuwa wakipigiana kelele ng'ambo kwa ng'ambo kila asubuhi kuulizana hali ya maji. Kisha mtoto wake wa kwanza aliuawa upande wetu, barabarani, na watu waliofanya hivyo hawakujulikana au walijulikana mno. Tangu hapo hakuna mtu wa upande wake aliyevuka kuja kwetu, na hakuna aliyepaza sauti juu ya korongo lile isipokuwa kwa hatari.

Mama alichukua madumu mawili makubwa, akanipa mimi dumu dogo, tukaenda. Mwanamke mwenye mtoto alipita bariyeri ya askari darajani kwa urahisi kidogo, nadhani ndiyo sababu alinichukua.

Papa Gervais alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitengeneza mpini. Alikuwa mrefu, mwenye mvi upande mmoja tu wa kichwa. Hakuinuka.

"Amahoro, Papa Gervais," mama alisema.

"Mama Zaina." Alinitazama. "Ni huyu Zaina? Amekuwa mukubwa. Umekuja kutafuta nini?"

"Mbegu. Bassin yangu, ya kwanza na ya pili, imekufa. Nimeziba, lakini maji inapanda, na chini kuko kambi."

"Nani ameiua?"

"Majirani. Walimwaga javeli, bahati mbaya."

Papa Gervais alirudi kwenye mpini wake. Alikwangua mara mbili, tatu. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Batu ya upande yenu munajua kuua tu."

Nilimtazama mama, nikaona anaona haya mbele ya mtu yule kwa kitu ambacho si chake. Aibu ile ilikuwa yangu. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Si batu. Ni mi."

Wote wawili wakageuka.

"Ni mi nilimupatia dawa. Alikuwa anatapika sana, kama Spès. Nilimupatia ndoo yote. Nilitaka apone." Kisha nikalia, kilio kile cha kutoa kamasi. Nikawaonyesha vidole vyangu.

Nilitegemea mama atanipiga hapo hapo. Papa Gervais ndiye aliyeinuka. Alinikamata mikono, akaigeuza juu na chini, akaangalia ngozi iliyokuwa ikichubuka, kwa muda mrefu mno kwa jambo dogo kama lile.

"Ulitaka apone," alisema.

"Ndiyo, Papa."

Aliachia mikono yangu. Akavua viatu, akavua shati, akaikunja suruali, na mzee yule akaingia kwenye bwawa lake la kwanza mpaka kifuani. Watu wa mabwawa hawafanyi hivyo, mama aliniambia baadaye, wanatumia ndoo na kamba. Yeye aliingia mwenyewe, akazamisha dumu mpaka chini kabisa, akapapasa kwa miguu kutafuta lilipo tope zito, na alipoliinua lilikuwa jeusi linalong'aa, linachemka kwa vipovu vidogo. "Angalia," aliniambia. "Huyu ndiye muzima. Usimufunike sana, anapumua." Nililitazama tope lile kwa heshima ambayo sijawahi kuipa dhahabu. Alijaza dumu la pili vile vile, na la tatu, lile dogo langu, akalijaza kwa maji ya kijani ya bwawa la pili, akanitwika mwenyewe.

Njiani kurudi mama alitangulia mpaka daraja likaonekana. Hapo akauliza, "Ndoo yote?"

"Yote."

"Ya Mungu wangu." Mabega yake yakaanza kutikisika, na dumu kichwani likatikisika nayo, na sikujua kama anacheka au analia, na sidhani kama yeye alijua. "Utamwambia Mama Chantal kwa mdomo wako," alisema. "Mi pia nitapiga magoti."

Bariyerini askari alitusimamisha. Tulikwenda na madumu matupu, tunarudi nayo mazito.

"Kuko nini mu bido?"

"Matope ya choo."

"Unaniona mi ni mujinga?" Akachomeka kijiti kwenye dumu la mama, akakoroga akitafuta chuma, akakitoa, akakinusa, akarudi nyuma hatua mbili. Hakuridhika. Akaamuru dumu la pili limwagwe. Mama aliomba. Aliapa. Mwishoni akalimwaga, barabarani, mbele ya viatu vya askari. Hakukuwa na bunduki wala risasi. Mama akapiga magoti akaanza kulikusanya tope kwa viganja, taratibu, pamoja na mchanga wake, akilirudisha ndani ya dumu. Nami nikatua langu nikamsaidia kwa vidole vyangu vinavyowasha. Askari alitutazama.

"Mama, uko na akili?"

"Ni mbegu," mama alisema bila kuinua kichwa. "Bila hii batu watakufa kule kambini."

Askari alikuwa kijana, labda wa umri wa kaka yangu mkubwa kama ningekuwa naye. Aliangalia pembeni, kisha akatuletea kipande cha bati cha kuchotea. Siku ile tulivuka mara tatu. Mara ya tatu aliinua mti wa bariyeri kabla hatujafika, mkono mmoja puani.

Mama alimpa Premier tope lake, akampa Deuxième maji yake ya kijani, akakaa kuwalinda kama wagonjwa. Jioni ile tulikwenda kwa Mama Chantal. Nilisema kwa mdomo wangu, na mama akapiga magoti kweli. Mama Chantal alituangalia, akatoa machozi upya, kisha akaniosha mikono yangu na kuipaka samli. Usafi ulikuwa umemzidi yule mwanamke, mpaka wa moyo.

Kesho yake asubuhi, sauti ikavuka korongo. Wanawake waliokuwa wakifagia walitupa mifagio na kuwashika watoto. Lakini sauti ilisema, "Mama Zaina! Imeshika?"

Mama alikuwa amepoteza sauti kwa kikohozi cha ule unga, kutwa nzima juu ya mabwawa. Akanisukuma mbele. "Mwambie bado."

"Bado!" nikapiga kelele.

Akauliza hivyo kila asubuhi. Bado. Bado. Viganja sita vikawa vitatu, kisha viwili, na Deuxième akawa wa kijivu, ananuka, nami nikawa silali. Spès alirudi kambini siku hizo, amekonda, shingo kama uzi, na nilipomwona akichutama kwenye kijito kilichobaki chembamba nilikimbia mpaka kwetu kuangalia ukingo. Kiganja kimoja. Mama akapanga wanaume na majembe, akijua kwamba udongo hautoshi.

Halafu asubuhi moja aliniita. Kwenye kona ya Deuxième, ile inayopata jua kwanza, palikuwa na kitu. Nilipiga magoti. Kilikuwa kijani hafifu, kama mtu amepitisha mkono wenye rangi juu ya maji. Mchana kilikuwa kimeshika upande mzima. Siku iliyofuata kilikuwa kimeshika bwawa zima. Mimi niliyekiua nilisimama pale nikikitazama kinarudi, kutoka kwenye madumu machache tu ya tope, bila kuniuliza chochote. Mama alisubiri siku mbili zaidi, maji yakiwa vidole viwili chini ya ukingo. Kisha akainama, akanusa, akabomoa udongo bombani. Maji yakatoka. Yalikuwa masafi. Yakateremka kambini na hakuna aliyejua chochote.

"Mama Zaina!" sauti ikaita kutoka ng'ambo. "Imeshika?"

"Imeshika!" nililia. "Papa Gervais, imeshika!"

Tulimwona amesimama kando ya bwawa lake, mrefu, mikono kiunoni. Kisha akapiga kelele, "Basi, yangu ikikufa, nitakuya kwenu!"

Mama aliniinamia. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. "Mwambie akuye," alisema. "Mwambie akuye hata kama haijakufa."

Nikayapiga kelele maneno yale, yote, mpaka koo likauma. Alitugeuzia mgongo, akaingia kwenye kibanda chake. Nikamwambia mama kwamba amekataa. Wanawake wote walikuwa wameacha kufagia. Mama akasema, ngoja.

Alitoka amevaa koti. Hakuelekea darajani. Alishika njia ya zamani ya korongoni, iliyokuwa imeota magugu, akaanza kuteremka akishika miti, taratibu kwa sababu ya umri wake. Nilipogeuka kumwonyesha mama, mama alikuwa ameshaingia jikoni kuinjika maji ya chai.